Nguo Moja, Madebe Tisa

Lori la Mhindi lilimshusha Magdalena Newala saa sita mchana, na kutoka hapo mpaka Chilangala akaenda kwa miguu, sanduku kichwani na kopo la nili mkononi. Nyumbani aliwakuta wanawake kumi na wawili wamekaa uwanjani kwa mama yake, wanamngoja. Uwanja umefagiwa, kigoda kimewekwa katikati, na juu ya kigoda pana kikombe kilichofunikwa kisahani. Kilikuwa kikombe chenye picha ya Malkia, vile walivyogawiwa watoto wa shule mwezi wa sita alipovishwa taji. Ndani yake mlikuwa na maji. Sasa ilikuwa Oktoba, na Oktoba, huko juu uwandani, mwenyeji humkaribisha mgeni bibo alimumunye, wala si maji. Kikombe kile kilijaa hadi ukingoni.

"Kunywa kwanza, Mwalimu," alisema Mwanasha. "Habari baadaye."

Mwalimu! Alipoondoka alikuwa Magdalena tu, mke wa yule Selestini aliyekwenda kulima karanga za Wazungu Nachingwea, karanga zikafa, naye akapotelea mkongeni asilete tena hata salamu. Leo Mwanasha, ambaye kijiji kizima humwita Mama Alfani na kumpigia shikamoo angali mbali, anamwita Mwalimu bila kucheka. Magdalena alikunywa maji yote. Hakuinua macho, wakadhani ni uchovu wa safari.

Mambo yalikuwa hivi. Misheni ya Masasi ilitaka mwanamke mmoja mmoja kutoka kila upande akajifunze kutia nguo nakshi na rangi, kisha arudi awafundishe wenzake. Chilangala walimchagua Magdalena kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumwachia mtu. Alikuwa na mama tu, Bibi Somoe, na Bibi Somoe magoti yalikuwa yamemkataa. Hapo Chilangala maji hayachotwi, yanafuatwa. Unateremka genge, ule mteremko wa kwenda bondeni, alfajiri, unangoja zamu kisimani, na ukifika juu tena jua liko utosini. Mwenye magoti mabovu hana maji, na mwenye binti aliyeko Masasi hana maji vilevile. Ndipo Mama Alfani akawapanga wanawake zamu, Waislamu na Wakristo pamoja: kila siku ya pili debe moja liende kwa Bibi Somoe, na huyo aliyelipeleka, nyumbani kwake siku hiyo wabane kwa kibuyu kimoja cha maji. Miezi minne. Malipo yake, Magdalena arudi na kazi mikononi.

Basi akalifungua sanduku, akatoa doti aliyoifanya mwenyewe. Ilikuwa marekani ya kawaida, ile ile ya dukani yenye rangi ya maziwa yaliyolala, ila sasa ilikuwa buluu nzito, na juu ya buluu mistari myeupe imepanda na kushuka, imepanda na kushuka, kama chale za mashavuni mwa wazee.

"Ee, huyu si Bibi Somoe huyu?" mmoja alisema, wakaangua kicheko. Bibi Somoe, aliyekaa mlangoni, alijishika shavu, naye akacheka. Nguo ikapita mkono kwa mkono. Waliinusa, waliikwaruza kwa ukucha, waliitazama upande wa nyuma. Veridiana, aliyekuwa na mtoto mchanga wa mwezi mmoja kifuani, aliiweka begani akauliza kama anapendeza, na kweli alipendeza.

"Twambie tuje na nini," alisema Mwanasha.

"Kila mtu na wari mbili za marekani. Uzi. Kunde konzi moja. Unga wa muhogo kibaba."

"Na maji?"

Magdalena alikitazama kikombe kitupu. "Kila mtu na debe lake."

"Debe moja linatosha nguo?"

"Linatosha, Mama Alfani."

Njia ya mwongo ni fupi. Hii yake ilikuwa ya siku tatu.

*

Jioni ile Bibi Somoe alimwita bintiye akae karibu, akamvua kitambaa kichwani, akampapasa utosini. Mwanamke wa uwandani hana nywele hapo. Kata ya kutulizia mzigo na debe huzimaliza tangu usichana. Vidole vya mama vilizunguka, vikarudi, vikazunguka tena.

"Zimeota," alisema. Ndonya, lile pambo lililotoboa mdomo wake wa juu, ilimfanya kila neno alitafune kwanza. "Umepumzika, mwanangu."

"Kuna bomba, mama. Nje ya mlango wa darasa. Unalifungua tu."

"Nimefurahi. Mimi pia nimetunzwa. Mama Alfani alikuwa akilitua debe hapo, haketi, haombi hata kiti. Veridiana zamu yake ya mwisho alikuja na tumbo hili," akaonyesha kwa mikono, "akaegemea mlango mpaka pumzi ikarudi. Nikamwambia, usije tena, mwanangu, nitaishi kwa mabibo. Akasema, bibi, nataka nguo ya kumbatizia mtoto, nguo ya mkono wangu. Ahadi ni deni, Magdalena. Wafundishe vizuri."

Magdalena alisema ndiyo. Alikuwa na lingine la kusema, akainuka kukoleza moto.

Lingine lenyewe ni hili. Kule Masasi mwalimu wao, Bi Cecilia, mtu wa haki na wa maneno machache, aliwafundisha kwamba nili haikubali haraka. Unafunga vifundo, unapaka uji mzito wa muhogo mahali unapotaka pabaki peupe, unaacha ukauke, unachovya. Halafu unasuuza. "Suuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia," alisema, wala hakuna sheria aliyoirudia kuliko hiyo, kwa sababu nili isiyosuuzwa humhamia mvaaji, na uji uliokauka hautoki ila kwa maji mengi. Magdalena alisuuza nguo yake ya kwanza pale bombani. Mtu wa Chilangala hawezi kuyaona maji yakienda asiyahesabu. Ni kama kusikia jina lako ukaacha kugeuka. Alihesabu kwa debe, kichwani. Maji yalipotoka kama yalivyoingia alikuwa amefika tisa.

Ilikuwa wiki ya pili. Alisimama pale mikono buluu mpaka kwenye viwiko, akajua kabisa kwamba kazi ile kwao haiwezekani wakati wa kiangazi. Akasema atamwambia Bi Cecilia kesho. Kesho yake akasema kesho.

*

Siku ya kwanza ya mafunzo ilikuwa ya raha. Walikaa chini ya kivuli cha paa, miguu wameinyoosha, kila mmoja na marekani yake mapajani. Magdalena alipita akiwaonyesha: shika kunde moja, ifunike kwa nguo, zungusha uzi mara saba, kaza.

"Kaza vipi?" Veridiana aliuliza.

"Kaza kama unamfunga mbuzi wa jirani aliyekula mihogo yako."

Wakakaza. Mwanasha, mwenye vidole vya kilimo, alikata uzi mara tatu akatukana kwa Kimakonde, kisha akaelewa, na alipoelewa hakuwaacha wenzake wapumue: alifunga vifundo arobaini kwa safu zilizonyooka kuliko za Magdalena mwenyewe. Halafu wakapika uji, wakaupaka kwa unyoya wa kuku, mmoja akachora samaki, mwingine mistari ya bibi yake.

"Nguo hii inakula kuliko mume wangu," mmoja alisema huku akipaka.

"Na hainuni," alijibu mwingine.

Magdalena aliwatazama, na kwa muda mrefu hakukumbuka kitu kibaya. Alikuwa anapendwa. Mtu ambaye mlango wake haubishwi na mume wala kuchezewa na mtoto hulishika jambo kama hilo kwa mikono miwili.

Siku ya pili walikuja na madebe. Wanawake wote kumi na wawili walikuwa wameshuka genge usiku haujaisha, na madebe yalipangwa ukutani, kila moja na majani juu ili maji yasimwagike. Magdalena akamimina mawili kwenye pipa la nili. La tatu likaenda kulowekea. Kazi ina gharama zake, na wenye madebe yale matatu waliahidiwa kusuuziwa kwa ya wenzao.

Nguo ya Veridiana ilitangulia, kwa ajili ya mtoto. Ilitoka pipani kijani kibichi kama jani la muhogo, Veridiana akashika mdomo kwa huzuni, lakini hewa ilipoipiga ikaanza kugeuka mbele ya macho yao, kijani ikakimbia, buluu ikaja. Wakapiga vigelegele. Nguo tatu nyingine zikafuata pipani.

Kisha kusuuza ile ya Veridiana. Debe la kwanza lilitoka jeusi. La pili jeusi. La tatu buluu ya kuiva. Magdalena aliyamwaga pembeni, ardhi ikayanywa yote na kubaki na rangi. La nne. Mtoto mmoja akaja na kifuu ateke, mama yake akampiga kofi la mkono. La tano. Sasa wanawake walikuwa wakiyatazama madebe, si nguo. Uji ulikuwa haujatoka nusu. La sita lilitoka na rangi ya anga, nzuri ya kutazama, mbaya kwa kila kitu kingine.

Magdalena alinyoosha mkono kwenye la saba. Mkono wa Mwanasha ulikuwa umetangulia juu yake.

"Hili ni langu," alisema Mwanasha.

"Bado kidogo, Mama Alfani."

"Kidogo ngapi?"

Magdalena aliikamua nguo.

"Yamebaki matatu. Nguo ziko kumi na mbili. Ulisema debe moja linatosha nguo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza bei. "Masasi mlisuuza kwa madebe mangapi?"

"Sikuhesabu. Kulikuwa na bomba."

"Mtoto wa Chilangala ameona maji yanamwagika, asihesabu."

"Sikuhesabu."

"Sisi tulihesabu," alisema Mwanasha. "Mama yako tulimletea sitini na moja."

Akainama kwenye debe lake, wawili wakamtwisha. Marekani yake yenye vifundo arobaini aliikunja akaitia kwapani. Wenye nguo pipani waliziopoa, wenye maji waliondoka na maji, na wale ambao maji yao yalikuwa ardhini waliondoka na madebe matupu, yakiwagonga magoti. Veridiana alibaki kidogo, akaikamua nguo yake, akaitazama juani. "Lakini imependeza," alisema, kama anayemwombea mtu msamaha. Naye akaenda.

*

Kwenye genge hapaendwi peke yako. Ni mteremko wa vichaka na mawe, chui hajaisha, na njia yenyewe imekuwa ndiyo baraza ya wanawake: huko ndiko habari husemwa, ndoa hupangwa, watu husutwa. Anayetangulia hupita milango akiita, "Twende!" Asubuhi iliyofuata Magdalena alikaa tayari na debe lake, akasikia nyayo zikija, zikapita. Hakuna aliyeita. Wiki nzima ikawa hivyo. Alikuwa akizifuata sauti zao kwa mbali, na wao wakizishusha akikaribia.

Kisimani hawakumtukana. Laiti wangemtukana. Walimwacha achote wa mwisho, maji yakiwa yameshakuwa tope, na walipomaliza kutwishana wakaondoka kwa safu moja. Debe lililojaa hujitwishi mwenyewe, jaribu uone. Magdalena alijaribu kuliweka juu ya jiwe na kuingiza kichwa chini yake, likamwagika mgongoni. Akaanza kuchota nusu debe, kiasi ambacho mikono yake peke yake ingeweza kukipandisha, akawa anafika kwa mama yake na nusu.

Bibi Somoe alichungulia ndani ya debe siku ya kwanza, na siku ya pili. Siku ya tatu hakuchungulia tena.

"Watu wamekukasirikia?"

"Wana kazi nyingi, mama. Korosho."

"Mh," alisema mama.

Mchana Magdalena alikuwa akitoa kipande cha marekani sandukuni, anafunga kunde, mara saba, anakaza, safu moja, safu mbili. Akimaliza anafungua zote. Nguo ilibaki na mikunjo midogo kama ngozi ya mtu aliyekaa majini. Kesho yake anafunga tena. Mikono iliijua kazi, wala hapakuwa na mtu duniani wa kuonyesha. Aliumia kuliko siku Selestini alipoacha kuandika, maana Selestini alimwacha bila sababu, na hawa walikuwa nayo.

*

Jumapili ya mwisho wa mwezi Veridiana alimpeleka mwanawe kubatizwa. Alijifunga nguo yake mpya, ile ya mkono wake, iliyosuuzwa kwa madebe sita. Kanisa lilijaa, joto limejaa zaidi. Mtoto, aliyevishwa gauni jeupe la kuazima, alilala kifuani pa mama yake, shavu kwenye nguo, misa nzima.

Padri alipompokea akasita. Shavu la mtoto, sikio na nusu ya gauni vilikuwa buluu. Watu wa mbele wakaanza kukohoa makusudi. Padri akayamimina maji mara tatu, Yeremia, kwa jina la Baba, na la Mwana, na maji yaliteremka kichwani yakidondokea beseni yakiwa buluu.

"Mtoto huyu ana nini?" padri aliuliza kwa sauti ya chini, lakini kanisa lile ni la udongo, kila kitu husikika.

"Ni nguo, Baba," alisema Veridiana. Shingo yake, mikono yake, kidevu chake, vyote vilikuwa vimepata rangi. Mtu akacheka huko nyuma, na kicheko hakihitaji zaidi ya mmoja wa kuanza. Mwenye gauni, mke wa katekista, alikuwa ameshasimama.

Magdalena, benchi la mwisho peke yake, hakucheka wala hakulia. Alitoka kabla ya baraka. Veridiana alimkuta nje ukutani.

"Nilikuamini," alisema Veridiana. Hakupaza sauti. Alimfuta mtoto shavu kwa kidole chenye mate, na rangi haikutoka. "Ningekuuliza pale uwanjani kama imetosha, ungeniambia ukweli?"

"Sijui," alisema Magdalena. Huo ndio ulikuwa ukweli wake wa kwanza tangu arudi.

*

Alasiri ile wanawake walikuwa kwa Mwanasha wanatenga korosho na mabibo. Magdalena alipiga hodi, akaingia, akasimama. "Shikamoo, Mama Alfani."

"Marahaba." Mikono ya Mwanasha haikuacha kazi.

"Nilihesabu," alisema Magdalena. "Ni madebe tisa. Tisa kwa nguo moja. Nilihesabu."

Korosho zikaacha kudondoka kapuni.

"Lini?"

"Wiki ya pili."

"Ya pili." Mwanasha aliinua uso. "Hapo Bibi Somoe alikuwa ameshakunywa madebe saba. Hamsini na nne yalikuwa bado yako kisimani. Ungetuma neno kwa dereva wa lori, tusingeyapandisha."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukutuma?"

Magdalena alikuwa ameandaa maneno njiani. Kwamba alitumaini ataipata njia nyingine. Kwamba Bi Cecilia angekasirika. Kwamba alifikiri mvua itawahi. Yote yalikuwa na ukweli kidogo, na alipoyatafuta hayakuja.

"Nilikuwa nalala," alisema. "Asubuhi. Kulikuwa na bomba, nikawa nalala mpaka jua linatoka. Halafu naamka, shingo hainiumi, nakwenda kufunga vifundo na wenzangu. Nikajua nikisema nitarudishwa. Sikutaka kurudi genge. Ni hivyo tu."

Veridiana, aliyekaa pembeni na mtoto wake mwenye sikio la buluu, ndiye aliyeanza.

"Mimi nilishuka na mimba."

"Najua."

"Umejua leo."

"Nilijua tangu mama aliponiambia. Nikanyamaza."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema Mwanasha. Alipangusa utomvu wa mabibo mikononi kwa mchanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Sisi hatuna baraza la kukupeleka, wala hatutaki mbuzi wako, huna. Madebe utayalipa kama yalivyobebwa. Siku moja utampelekea mama yako. Siku ya pili utaipelekea nyumba moja ya mmoja wetu, kwa zamu, na mwenye nyumba siku hiyo hashuki. Debe zima, si nusu. Sitini na moja."

"Sawa."

"Mvua ikija, utabeba kwenye mvua."

"Sawa, Mama Alfani."

Alingoja kidogo aone kama ataambiwa kaa. Hakuambiwa, akaenda zake.

*

Kuanzia hapo walimtwisha. Walilazimika, maji yalikuwa ya mwenzao. Wawili walilishika debe, mmoja huku, mmoja kule, wakampandishia, wakageuka bila kumtazama usoni. Siku za mama yake vilevile walimtwisha, kwani nazo zimo katika hesabu. Njia nzima alitembea wa mwisho. Mbele yake walipiga soga, na soga lilipomfikia lilikuwa limebaki vumbi. Kuwa peke yako kabisa kuna nafuu yake, unaweza hata kuimba. Kuwa peke yako nyuma ya watu kumi na mmoja ni kazi nyingine. Wiki ya pili kata ilikuwa imeanza kuzimaliza tena nywele za utosini.

Nyumba ya kwanza walimwachia mlango wazi na mtungi, akamimina akaondoka. Ya pili alipokewa na mtoto. Ya tatu mwenyewe alikuwapo, alisema "Weka hapo," basi. Ya nne hata hilo halikusemwa.

Ya tano ilikuwa kwa Veridiana. Alikuwa amekaa kivulini, mtoto amelala ubavuni, na mapajani kipande kipya cha marekani. Alikuwa anafunga kunde, peke yake, safu imekwenda mshazari. Alipomwona Magdalena alitaka kukificha kitu kile, kisha akaacha.

"Mvua zikianza," alisema akiwa amekiangalia kifundo chake, "maji ya paa yatafika tisa?"

"Mvua moja nzuri inafika," alisema Magdalena. Debe lilikuwa bado kichwani. "Hapo pembeni umelegeza. Kaza."

Veridiana akakaza. Hakusema asante, wala hakumtua debe, lakini alikaza.

Zamu ya Mwanasha iliangukia ya kumi na mbili, Novemba ikiwa imepita nusu, joto la kuchemsha ubongo na mawingu ya uongo kila alasiri. Magdalena alifika uwanjani kwake akapiga hodi. Kimya. Kuku walikuwa wanaparua, mlango umerudishwa. Akaita tena, "Hodi, Mama Alfani." Akajua anafanyiwa makusudi: asimamishwe juani na debe zima kichwani mpaka atakapochoka mwenye nyumba. Hakuona vibaya. Alisimama. Shingo iliuma mpaka ikaacha kuuma, jasho likamwingia machoni, naye hakuwa na mkono wa kulifuta.

Mlango ukafunguka. Mwanasha alitokea amejifunga kaniki vibaya, macho yamevimba, na upande mmoja wa uso wake umechorwa mistari ya mkeka, imeingia ndani ya nyama. Alilitazama jua, akashtuka. Alikuja haraka, akalishika debe kwa mikono yake mwenyewe, akalitua.

"Umesimama tangu lini?"

"Si muda."

"Mwongo." Lakini lilitoka bila makali. Alikaa kizingitini, akajipapasa shavu lenye mistari, kama mtu aliyeibiwa au aliyeiba, hajui lipi. "Nimelala," alisema.

Magdalena alijifuta jasho machoni.

"Niliamka alfajiri kama siku zote. Nikawasikia wanapita, nikanyanyuka, nikakumbuka sina pa kwenda. Nikasema nikalime, nikaona jembe, sikulishika. Nikarudi kujinyoosha, kidogo tu. Nikamsikia kuku anatembea juu ya majani. Nina kuku tangu nilipoolewa, sijawahi kumsikia anavyotembea." Aliinyoosha shingo kulia, akainyoosha kushoto. "Alfani ana miaka ishirini na miwili. Tangu kumzaa yeye sijalala mpaka jua kutoka. Hata nikiumwa. Hata siku aliyokufa baba yake."

Mkono wake uliingia ndani ya debe, ukabaki humo, vidole vikiyachezea maji kidogo.

"Na wewe ulilala hivi miezi minne."

"Ndiyo, Mama Alfani."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mwanasha aliutoa mkono, akajipaka maji usoni, akaufunika uso kwa viganja. Alipoufunua alikuwa anautazama mteremko, si Magdalena.

"Hata mimi nisingesema," alisema.